Ladha ya Misumari

Fundi alikuwa akifanya kazi mdomo umejaa misumari. Ndivyo walivyo mafundi makochi wa zamani, na yeye alikuwa wa zamani kuliko hata stuli aliyoikalia. Anachota kiganja cha misumari midogo, anaitupia kinywani kama mtu anayekula karanga, halafu ulimi unafanya kazi yake humo ndani bila mtu kuuona: unachagua mmoja, unaugeuza, unausukuma kichwa mbele hadi katikati ya midomo, na mkono wa kushoto unaudaka. Nyundo inashuka, tap. Mwingine umeshafika mlangoni unasubiri. Kochi zima lilikuwa linavishwa kitambaa kabla mteja hajamaliza kulalamikia bei.

Mtaa mzima ulimwita Misumari, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, halina kazi. Wateja walikuwa wanaleta watoto waje kuona. Yeye mwenyewe alijidai kwamba hajawahi kumeza hata mmoja, jambo ambalo dada yake, shangazi wa mtaa mzima, alilipinga mbele za watu kila alipopata nafasi.

Binti yake wa pekee alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya mabaki ya sponji. Mama yake alifariki angali mdogo, kwa hiyo karakana ndiyo ilikuwa shule ya awali, uwanja wa michezo na mahali pa kulala mchana. Alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini spring inaruka? Nani aligundua kochi? Mtu akifa anaendelea kuota ndoto? Jibu la baba lilikuwa moja tu: "Mm." Si kwamba alikuwa mkali. Mtu aliyejaza misumari kinywani hawezi kujibu kwa kirefu, labda kama anataka kuthibitisha maneno ya dada yake. Mtoto akajifunza kuzisoma hizo mm: ya juu ilikuwa ndiyo, ya chini ilikuwa hapana, ya kuvuta ilikuwa nenda kacheze. Siku moja aliuliza, "Baba, misumari ina ladha gani?" akapata mm ambayo haikuwa ya juu wala ya chini. Akaenda kucheza.

Mtoto wa maswali akakua, akaajiriwa maabara ya hospitali, na huko wakambandika jina la Jicho. Alistahili. Wenzake wakishapepesa macho juu ya hadubini na kusema hakuna kitu, yeye ndiye aliyekuwa anaitwa aje kuangalia mara ya mwisho. Alikalia stuli iliyopasuka, sponji inachungulia nje, na kila mwaka baba yake aliahidi kuitengeneza. Mafundi wanavyojali nyumba zao, tunawajua.

Ndipo ikaja homa.

Haikuja kwa kishindo. Ilikuwa homa ya jioni, ndogo, yenye adabu. Inabisha hodi jua likizama, inamtoa Fundi jasho la kulowesha shuka, na asubuhi imeshaondoka. Akanywa dawa za maumivu, akarudi kazini. Ikarudi. Suruali zikaanza kumpwaya, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, baadaye akatoboa jingine. Jicho alimchoma kidole mara nyingi akatafuta malaria, na kila mara akasoma mwenyewe, hakumwachia mtu. Hakukuwa na malaria.

"Umechoka tu," alisema Shangazi. "Mtu mzima anakesha na makochi ya watu kama vile ameyazaa."

Kisha vikaja vibanzi. Chini ya kucha za Fundi vilionekana vijistari vyembamba vya rangi nyekundu iliyoiva, vimelala kufuata urefu wa kucha, kama vipande vya mbao vilivyochoma na kukatikia humo. Hakuna aliyeshtuka. Fundi makochi anashinda anapapasa mbao zisizopigwa randa. Asipokuwa na vibanzi ndipo umuulize kama anafanya kazi kweli. Shangazi, bingwa wa kutoa miiba tangu utotoni, akavaa miwani, akaipitisha sindano kwenye moto, akamshika kaka yake mkono na kuanza kuchokonoa. Fundi akaguna. Shangazi akachokonoa zaidi, jasho likamtoka yeye badala ya mgonjwa, akaambulia patupu.

"Hiki kibanzi kina jeuri," alisema. "Nakiona, lakini sindano haikigusi."

Jicho alikuwa amekaa pembeni anamenya viazi. Akaacha kisu. Akaja, akaushika mkono wa baba yake, akauinua kwenye mwanga wa dirishani na kuuangalia kwa namna anavyoangalia vitu kazini. Kijistari kilikuwepo kwenye kidole cha kati, kilikuwepo kwenye cha pete, kilikuwepo hata kwenye cha mkono wa kulia, mkono ambao unashika nyundo na haupapasi mbao.

"Shangazi, weka sindano chini. Hivi si vibanzi. Hii ni damu."

Kesho yake alimpeleka hospitali, Fundi akilalamika njia nzima kwamba kuna kochi la harusi linamsubiri. Daktari wa moyo, kijana mpole mwenye mikono baridi, aliziangalia zile kucha, akaweka kipimo chake kifuani mwa Fundi, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Muda ule mrefu ndio uliomwogopesha Jicho. Daktari akaagiza damu itolewe, mkono huu, baadaye mkono ule, baadaye tena, na iwekwe kwenye chupa za mchuzi.

Mchuzi huo si wa kula. Ni maji yenye lishe ambayo maabara huyaweka kwenye joto la mwili, yakisubiri. Damu ya mtu haina mkazi mgeni ndani yake. Ukiitia kwenye mchuzi ikakaa, mchuzi unabaki msafi. Kama kuna kitu kilichokuwa kinasafiri humo, kitakula, kitazaana, na mchuzi utachafuka. Jicho alizipanga chupa za baba yake mwenyewe. Alikuwa amefanya hivyo kwa baba za watu wengi mno.

Chupa ya kwanza ikachafuka. Alichukua tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi, akainama juu ya hadubini. Vikamtokea: vidoadoa vya zambarau, vimeshikana kimoja kwa kingine, minyororo mirefu na mifupi, kama shanga zilizokatika uzi zikakataa kutawanyika. Alizijua shanga hizo. Kila mtu wa maabara anazijua, kwa sababu ndizo zinazojaa ukimwambia mtu yeyote ateme mate.

Mkuu wa maabara, mama mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, aliinama akaangalia. "Hawa ni wa mdomoni. Ulikohoa juu ya chupa?"

"Sikukohoa, mama."

"Wanakaa mdomoni. Damuni wanatafuta nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Na chupa ya pili ilikuwa imechafuka, na ya tatu inaelekea huko huko. Mtu anaweza kukohoa juu ya chupa moja. Hakohoi juu ya damu ya mikono miwili iliyotolewa nyakati mbalimbali. Alikaa kwenye stuli yake iliyopasuka, na ghafla karakana nzima ikamrudia: kiganja cha misumari, ulimi unaochagua, ncha zinazopita kwenye fizi kutwa nzima, kisha mate mekundu kidogo ambayo baba yake alikuwa anatema nje ya mlango jioni na kuyafukia kwa mguu. Mate hayo alikuwa akiyaona tangu utotoni.

Kipimo cha picha ya moyo kilithibitisha. Jicho aliruhusiwa kusimama nyuma ya daktari. Kwenye skrini ulikuwepo moyo wa baba yake, mweusi na mweupe, unafanya kazi bila kuuliza bei, na ndani yake mlango mwembamba unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga, tangu kabla yeye hajazaliwa. Kwenye ukingo wa mlango huo kilining'inia kitu kidogo kinachopepea. Daktari alieleza: hao wadudu waliingia damuni kupitia kwenye fizi, wakapata mahali mlango ulipochubuka, wakajenga. Vipande vidogo vya ujenzi wao vinakatika na kusafiri. Vijistari vya kwenye kucha vilikuwa ndizo barua zao.

Fundi, amelala ubavu, aligeuza shingo akaangalia skrini. "Uzi umefumuka kwenye pindo," alisema. "Ndivyo kitambaa kinavyoanza kuchanika."

"Hasa," alisema daktari.

Sindano zikaanza, za mishipani, asubuhi na jioni, na zingeendelea kwa majuma. Fundi alizikubali. Jambo alilolikataa ni la meno. Daktari wa meno alimkagua akakuta magego matatu yameoza hadi kwenye mizizi, usaha umejificha chini, fizi zikiguswa tu zinavuja damu. Yang'olewe, alisema, fizi zisafishwe, na kazi ya misumari mdomoni iishe moja kwa moja.

Fundi aligeukia ukutani. "Moyo ndio mbovu, meno yanahusika nini? Gari likiharibika breki, mnang'oa taa?"

Alibembelezwa na daktari, akasema mm ya chini. Alibembelezwa na Shangazi, ambaye kubembeleza kwake kulikuwa ni kufoka kwa sauti ndogo, akasema mm ya kuvuta. Daktari wa moyo alimwita Jicho kwenye korido. Hakuzunguka. Dawa zitawaua waliopo moyoni, alisema, lakini nyumba yao ya asili ikibaki vile vile watarudi, na ule mlango hautahimili mara ya pili. "Mzee wako anakupenda. Ongea naye."

Jicho alijua kuongea hakutafua dafu. Yule alikuwa mtu wa kushika kitambaa kabla ya kukinunua. Siku ya pili alileta kiti cha magurudumu, akamkalisha baba yake, akamsukuma kwenye korido, wakashuka kwa lifti, wakaingia maabara. Mkuu wa maabara aliwaona, akafungua kinywa kusema kitu kuhusu kanuni, akakifunga, akaenda kutafuta chai.

"Hiyo ndiyo stuli unayokalia?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Aibu yangu."

"Tutaiongelea. Fungua mdomo, baba."

Alikwangua kwa kijiti nyuma ya gego lake la chini, akatoa uji mweupe usiofika hata ukubwa wa punje ya mchele. Akaukoroga kwenye tone la maji ya chumvi, akafunika kwa kioo chembamba, akarekebisha hadubini mpaka mwanga ukatulia. "Njoo. Jicho moja tu. Usiguse."

Fundi aliinama. Baadaye mikono yake, iliyokuwa imelala mapajani, ikajikusanya taratibu na kushika ukingo wa meza.

"Wanatembea," alisema.

"Ndiyo."

"Mwanangu, wanatembea!" Macho yalikuwa yamemtoka pima, akainuka kumwangalia, akainama tena haraka kama anayeogopa wataondoka. "Huyu anajizungusha kama bisibisi. Huyu mrefu anateleza. Hawa wamejipanga. Kuna wengine wanapita juu ya... Hawa wote walikuwa mdomoni mwangu?"

"Wapo bado. Kwenye ncha ya kijiti hiki kuna wengi kuliko watu wote waliowahi kukalia makochi yako."

Nakuambia, mtu yule ambaye hakunyamazishwa na homa wala daktari alinyamazishwa na tone la maji. Alikuwa anaangalia mji. Ulikuwa na barabara zake na msongamano wake, na hakuna mkazi hata mmoja aliyejua kwamba kuna mzee mmoja mkubwa kama dunia anayewaangalia kutoka juu. Jicho alikuwa amefanya kazi hiyo miaka, na mshangao ule ulikuwa umeanza kuchuja ndani yake kidogo kidogo, kama unavyochuja kwa yeyote anayelipwa mshahara kwa ajili yake. Ukamrudia wote sasa, kwa kumwangalia baba yake akiangalia. Alisikia machozi yanamjaa na hakuyafuta.

"Ni wabaya?" Fundi aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Mdomoni? Wengi wao hawana neno. Wengine wanakulinda, wanawazuia wageni wabaya wasipate pa kukaa. Ni majirani tu. Sasa angalia hapa."

Akaweka vioo viwili vilivyotiwa rangi, kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha gego. Katikati ya umati wa kila umbo alimwonyesha minyororo ya shanga za zambarau. Cha pili kilikuwa cha damu. Kilikuwa na shanga peke yake.

Fundi aliangalia cha pili, akaomba cha kwanza, akaomba cha pili tena. Alikuwa akilinganisha kama anavyolinganisha vitambaa viwili vya mteja mkorofi. "Ni kitambaa cha jora lile lile," alisema mwisho. "Ni hawa hawa." Akajigusa mdomo kwa kidole, akakishusha kidole shingoni, akakifikisha kifuani na kukiacha hapo. "Walipita wapi?"

"Palipotoka damu. Kila fizi ikichubuka, mlango unafunguka."

"Kila msumari."

"Hata mtu akipiga mswaki wanapita wachache, baba, na mwili unawamaliza. Lakini fizi zako ni kidonda siku zote, na wewe uliwafungulia kutwa nzima, miaka yote."

Ubishi wote ulikuwa umemtoka, na Jicho aliyekuwa amejiandaa kwa vita akajikuta hana wa kupigana naye. Kisha Fundi akauliza jambo ambalo hakulitarajia. "Na wewe unao?"

Jicho alichukua kijiti kingine, akajikwangua jino lake, akamwekea. Fundi aliinama, akatafuta, akacheka peke yake. "Shanga hizi hapa. Umezipata wapi?"

"Kwenu. Mtoto anazaliwa kinywa chake karibu kitupu. Anapewa na wanaomlisha na kumbusu. Mimi nimepewa na wewe na mama."

"Mama yako," alisema Fundi.

"Huenda wengine humo ni uzao wa waliokuwa wake."

Fundi alibaki ameinama juu ya kile kioo kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, jicho lililokuwa kwenye hadubini lilikuwa limelowa, na lile jingine pia. Alijifuta kwa mkono wa shati la wodi. "Waambie waje wayang'oe," alisema.

Yaling'olewa, huku dawa zikiendelea kumlinda. Homa ikaaga jioni moja na haikurudi. Vile vijistari vikasukumwa kadiri kucha zilivyokua, vikafika ukingoni, na siku moja Shangazi akavikata kwa mkasi wa kucha, akasema yeye ndiye aliyevitoa. Majuma yalipoisha, daktari alimpa Jicho kipimo chake asikilize: moyo ulikuwa unadunda, na nyuma ya kila mdundo kilifuata kijisauti cha kupuliza, kama mlango usiofunga sawasawa. Utabaki hivyo, alisema daktari, lakini utafanya kazi. Fundi naye aliomba kusikiliza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Spring imelegea kidogo," alitoa hukumu. "Inakalika."

Jumamosi ya kwanza aliporuhusiwa kugusa nyundo, Jicho aliibeba ile stuli yake kutoka maabara mpaka karakana. Fundi alikuwa amejitengenezea kifaa: sumaku ya redio mbovu aliyoifunga mkononi kwa utepe wa turubai, misumari imejishika juu yake imesimama kama nywele. Mkono haukuwa umezoea. Alijigonga kidole, akatukana, akajigonga tena. Kazi ya dakika chache ilimla asubuhi nzima.

Na alikuwa anaongea. Jicho alichelewa kulielewa, aliona tu kwamba karakana imebadilika, mpaka akagundua ni sauti. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia baba yake akifanya kazi na kuongea kwa pamoja. Sasa maneno yalikuwa yanamtoka mfululizo: jinsi mama yake alivyochagua rangi za vitambaa kwa kuvibandika shavuni, jinsi kochi la kwanza alilotengeneza lilivyomwangusha mchungaji, nani hasa aligundua spring. Jicho alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza ile ile, hathubutu kumkatiza.

"Uliwahi kuniuliza misumari ina ladha gani," alisema Fundi, akivuta kitambaa kwenye kona.

Jicho aliinua kichwa. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote. Mdomo ndio ulikuwa umejaa, masikio yalikuwa wazi." Akagonga msumari, tap. "Ningekujibu siku ile ningesema ina ladha ya chuma. Nzito hivi, ina chumvichumvi. Nilikuwa naipenda, sikufichi. Nisipoionja asubuhi naona siku bado haijaanza."

Akabandua msumari mmoja kwenye sumaku, akauangalia.

"Jana nimejaribu mmoja. Mmoja tu, usinipigie kelele. Nimeuosha, nimeuweka ulimini, nimesubiri."

"Baba!"

"Hauna ladha, mwanangu. Hauna kitu cha maana." Aliugeuzageuza kwenye mwanga. "Ile niliyokuwa naionja miaka yote ilikuwa damu yangu."

Akausimamisha ule msumari kwenye kitambaa kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa, akaupiga. Jicho aliegemeza kichwa kwenye mguu wa meza.

"Mm," alijibu.